Tumbo Limejaa, Mwili Una Njaa

Sogeeni wanangu, hasa ninyi mnaopenda kuruka sarakasi na kutembea kwa mikono. Leo nina hadithi ya ng'ombe na hadithi ya watoto wa jimnastiki. Naanza na ng'ombe, kwa sababu wao ndio waliotufundisha jambo ambalo kila mcheza jimnastiki asiyekula nyama anapaswa kulijua.

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mashamba ya Bonde la Ufa karibu na Nakuru, nchini Kenya, ng'ombe walianza kudhoofika bila sababu ya kuonekana. Nyasi zilikuwepo, nao walizila. Hata hivyo mbavu zilijitokeza, manyoya yakakosa mng'ao, damu ikapungua, ndama wakadumaa. Mwishowe mnyama alisimama katikati ya malisho huku hamu ya kula imemwishia. Ugonjwa huo ulijulikana sana hata ukapewa jina la mji wenyewe, na vitabu vya mifugo vikauandika Nakuruitis.

Nakuru haikuwa peke yake. Uskoti, New Zealand na Australia walikuwa na maradhi ya namna hiyo hiyo, kila nchi ikiyaita kwa jina lake. Mfugaji akimhamishia mnyama malisho ya mbali, anapona. Akimrudisha, anadhoofika upya. Basi ikaonekana tatizo limo ardhini. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Australia walilifichua: udongo wa malisho hayo ulikuwa na upungufu wa kobalti, madini ambayo kondoo huhitaji takribani sehemu ya kumi tu ya miligramu kwa siku. Udongo ukikosa, nyasi zinakosa, na mnyama anakonda huku tumbo limejaa.

Kobalti ina kazi gani mwilini? Jibu lilichukua miaka mingine. Mwaka 1948 wanasayansi wa Marekani na wa Uingereza walifanikiwa kuchuja kitu kinachotibu aina moja mbaya sana ya upungufu wa damu. Kilikuwa fuwele ndogo nyekundu, nacho wakakiita vitamini B12. Mwingereza mmoja, Dorothy Hodgkin, mwanamke ambaye vidole vyake vilikuwa vimepindishwa na ugonjwa wa viungo, alizipiga eksirei fuwele hizo na kufanya hesabu mwaka baada ya mwaka, hadi 1956 alipoweza kuonyesha umbo lote la vitamini hiyo. Katikati kabisa palikaa chembe moja ya kobalti. Mwaka 1964 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Sasa sikilizeni vizuri. Ng'ombe hatengenezi vitamini B12 yeye mwenyewe. Tumboni mwake wamejaa bakteria, na hao ndio wanaoitengeneza kwa kutumia kobalti iliyomo kwenye majani. Kutoka hapo inaingia katika damu, nyama na maziwa yake. Hakuna mmea unaoitengeneza. Mchicha hauna, maharage hayana, parachichi halina. Sisi binadamu huipata kwa kula nyama, samaki, mayai au maziwa, au kwa kumeza ile iliyotengenezwa kiwandani kwa msaada wa bakteria.

Tuondoke malishoni, twende ukumbini.

Boriti wanayochezea wasichana ina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10, nayo imeinuliwa sentimita 125 kutoka chini. Juu ya upana huo unaokaribiana na wa kiganja cha mtu mzima, binti wa miaka 12 anaruka kinyumenyume, anapinduka hewani, na miguu yake inatafuta boriti asiyoiona. Kinachomwambia mguu uko wapi ni mishipa ya fahamu iliyomo kwenye nyayo, vifundo na magoti. Vitamini B12 ndiyo inayosaidia kuitunza mishipa hiyo. Ikipungua kwa muda mrefu, mtu huchoka, vidole hufa ganzi, na hata kusimama wima bila kuyumba huwa kazi. Kwa mtu mwingine hilo ni tabu. Kwa mtoto aliye juu ya boriti ni hatari.

Nalisema hili kwa sababu wapo watoto wengi wasiokula nyama. Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar kuna familia za Wahindu na Wajaini ambazo hazijagusa nyama tangu enzi za mababu. Kuna familia za Waadventista wa Sabato zilizoiacha kwa sababu ya imani na afya. Kuna mtoto aliyemwona mbuzi akichinjwa sikukuu, akasema tangu leo sili. Na kuna nyumba nyingi ambako nyama huonekana kwa nadra kwa sababu ya bei. Wote hao wanaweza kuuliza swali moja: je, nitaweza kuruka, kuning'inia na kutua kama wenzangu?

Utaweza, mwanangu. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilitoa tamko kwamba mlo usio na nyama, ukipangwa vizuri, unamfaa mtu wa kila umri, akiwemo kijana anayekua na mwanamichezo. Lakini shikeni maneno hayo mawili: ukipangwa vizuri. Ng'ombe wa Nakuru walikula majani tu kama ng'ombe wengine wote. Kilichowadhuru ni kitu kidogo kilichokosekana ndani ya majani yale. Nasi tutafute vile vidogo vinavyoweza kukosekana kwenye sahani yako.

Kabla ya vidogo, tuanze na kikubwa. Watu wakimwona mcheza jimnastiki asiyekula nyama, swali lao la kwanza ni protini. Mimi swali langu la kwanza ni hili: anakula kiasi cha kutosha? Mwili wa mtoto una matumizi mengi. Unakua, unafikiri darasani, moyo unapiga, mifupa inarefuka, halafu jioni unapelekwa mazoezini kwa saa mbili au tatu. Mazoezi huchukua fungu lao kwanza. Kikibaki kidogo mno kwa kazi nyingine, mwili unaanza kubana matumizi: urefu hauongezeki, hedhi inachelewa au inakatika, vidonda haviponi haraka, usingizi na furaha vinapungua, mifupa inapata nyufa ndogondogo. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina hali hiyo, upungufu wa nishati katika michezo, na ikasema wazi kwamba huwapata wavulana pia.

Hapo ndipo mla mboga anapotegwa. Vyakula vya mimea vina maji mengi na nyuzinyuzi nyingi. Bakuli la kabichi na mchicha litakujaza hadi kooni, lakini nishati yake ni ndogo. Tumbo la mtoto nalo ni dogo. Unasema kwa moyo mweupe kwamba umeshiba, nawe husemi uongo, lakini mwili wako bado una njaa. Kwa hiyo mboga za majani zipikwe kwa tui la nazi au karanga zilizosagwa, au ziungwe kwa mafuta. Uji utiwe maziwa au siagi ya karanga. Parachichi likatwe juu ya mkate. Mkobani kuwe na korosho, kashata au ndizi. Kula mara tatu kwa siku, na katikati uweke vitafunio viwili au vitatu.

Wakati nao una maana yake. Maharage ni chakula kizuri, lakini ukiyala saa moja kabla ya kuning'inia kwenye vyuma, gesi tumboni itakukumbusha. Karibu na mazoezi kula kilicho chepesi: ndizi, kiazi kitamu, wali mweupe kidogo au mkate. Maharage yasubiri chakula cha usiku, maana baada ya mazoezi ndipo misuli inapoyahitaji.

Haya, sasa protini. Tuchukue binti wa kilo 35. Mwanamichezo hushauriwa kupata kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo huyu anahitaji kati ya gramu 42 na 70. Tumfuate siku nzima. Asubuhi anakunywa uji wa wimbi na glasi ya maziwa, ambayo peke yake ina gramu 8. Anakula na yai moja la kuchemsha, gramu 6. Mchana ni makande, na maharage yake yanakaribia kikombe kizima, gramu 15. Akitoka shule anatafuna karanga za kujaza kiganja, gramu 7. Usiku ni wali kwa kikombe cha choroko, gramu 14. Jumla ni gramu 50, na bado hatujahesabu iliyomo kwenye uji, mahindi na wali. Amefika, na hakuna kipande cha nyama kilichoingia chunguni.

Angalieni pia hekima iliyomo kwenye makande. Protini imejengwa kwa vipande vidogo vingi. Mahindi yana upungufu wa kipande kiitwacho laisini, ambacho maharage yanacho tele. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, na mahindi yanayo. Yakikutana, kila moja linamfidia mwenziwe. Wali na choroko hufanya hivyo hivyo, chapati na dengu pia. Si lazima yawe sahani moja, mradi siku isiishe hujala vyote viwili.

Kitu kidogo cha kwanza ni madini ya chuma. Chuma ndicho kinachobeba oksijeni ndani ya damu. Kikipungua, unaanza onyesho lako la zulia, ambalo halizidi sekunde 90, na katikati pumzi inakata na mapaja yanakuwa mazito. Mtoto wa miaka 9 hadi 13 anahitaji miligramu 8 kwa siku. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji 15, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama, ndiyo maana wataalamu wa Marekani wanamshauri asiyekula nyama azidishe kiasi hicho mara 1.8.

Kuzidisha si lazima kuwe kula marundo. Jambo la kwanza, tenganisha chai na chakula. Najua chai ni mila yetu, lakini ukiinywa pamoja na maharage, inashika kile chuma na kutoka nacho. Isubiri saa moja hivi. La pili, kula kitu chenye vitamini C pamoja na mlo, kwa sababu hiyo hukifungulia chuma mlango. Kamulia ndimu juu ya kunde, kula pera au chungwa, au kunywa juisi ya ubuyu. La tatu ni kuandaa nafaka na kunde kama walivyofanya bibi zetu. Chukua kikombe cha choroko, zioshe, ziroweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, zitandaze kwenye ungo, zifunike kwa kitambaa kibichi na uwe unazinyunyizia maji. Siku ya pili utaona kila punje imechomoza mkia mweupe. Wakati mkia ule unatoka, punje inakivunja kitu kiitwacho fitati, ambacho kilikuwa kimekifunga chuma na zinki. Uji uliochachushwa hufaidika vivyo hivyo.

Tusisahau kwamba kwetu malaria na minyoo nazo hupunguza damu. Mtoto anayechoka kupita kawaida apimwe hospitali. Vidonge vya chuma asijinunulie, kwa sababu chuma kikizidi nacho ni sumu.

Kitu cha pili ni kalsiamu. Kila unapotua kutoka juu, mifupa yako hupokea kishindo kilicho mara kadhaa ya uzito wako. Kishindo hicho kina faida, maana mfupa unaopigwa kwa kiasi hujijenga ukawa imara, na wacheza jimnastiki wanaokula vizuri hujulikana kwa mifupa migumu. Lakini hakuna fundi anayejenga bila saruji. Kati ya miaka 9 na 18 mwili unahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, na msichana anapofikia miaka 18 sehemu kubwa kabisa ya mfupa wake wa maisha imeshawekwa. Glasi moja ya maziwa au mtindi ina takribani 300. Wimbi limezipita nafaka nyingine zote tunazokula kwa kalsiamu, na ufuta nao unayo. Kwa upande wa majani, sukuma wiki inakupa kalsiamu ambayo mwili unaichukua kwa urahisi, ilhali ya spinachi na mchicha imefungwa kwa sehemu kubwa na oksalati. Endelea kuvila kwa faida zake nyingine, ila kwa ajili ya mifupa uongeze vingine. Na kwa kuwa mazoezi yako ni ndani ya ukumbi, tenga muda wa kucheza juani, maana ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haipiti vizuri kutoka utumboni.

Zinki utaipata kwenye mbegu za maboga, korosho na kunde. Kwa madini joto, tumia chumvi iliyotiwa madini hayo.

Kitu cha tatu ni ile B12 ya ng'ombe wetu. Ukiwa unakunywa maziwa kila siku na kula mayai, kwa kawaida utaipata. Ukiwa umeacha hata maziwa na mayai, hapo hakuna ujanja: ni lazima umeze kidonge au ule chakula kilichoongezwa vitamini hiyo kiwandani, na mtaalamu wa lishe akuelekeze kiasi. Mwani nao usikudanganye kwamba utachukua nafasi ya kidonge. Wala usijipe moyo kwa kuwa miezi mitatu imepita nawe uko imara. Ini huweka akiba ya B12 inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo upungufu huja polepole, na ukishaigusa mishipa ya fahamu unaweza kuacha madhara yasiyofutika.

Wanangu, limebaki jambo moja, na hili naliona kubwa kuliko yote. Wapo watoto wanaosema "sili nyama" kwa sababu ya imani au huruma, nao tuwaheshimu. Wapo pia wanaoitumia kauli hiyo kama kichaka cha kujifichia ili wale kidogo. Leo ameacha nyama, wiki ijayo mayai, kisha wali, kisha mafuta, na kila akipakuliwa anasema ameshashiba. Anafanya hivyo kwa kuwa mtu fulani amemwambia mwili wake ni mzito.

Christy Henrich alikuwa mcheza jimnastiki wa Marekani, hodari hasa. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1989 alishika nafasi ya nne kwenye vyuma. Mwamuzi mmoja alimwambia kwamba amenenepa na anapaswa kupunguza uzito. Maneno hayo yalimwingia, akaanza kujinyima. Ugonjwa wa kujinyima chakula ulimkamata, ukamwondoa mchezoni, na mwezi Julai 1994 ukamuua akiwa na miaka 22. Miaka michache baadaye, mwaka 1997, umri wa kuruhusiwa kwenye mashindano makubwa ya wakubwa ulipandishwa kutoka 15 hadi 16, ili kuwalinda watoto ambao miili yao bado inakua.

Kwa hiyo ukiona mawazo ya kupungua yanakuandama kila unapokaa mezani, mwambie mama, shangazi, mwalimu au daktari. Ukiwa na miaka 15 na hedhi haijaanza, au ilikuwepo ikakatika miezi kadhaa, usifurahi kwa kudhani ndiyo dalili ya mazoezi makali. Sema. Mfupa ukiuma mahali pale pale kila siku, sema. Kocha akikupima uzito mbele ya wenzako na kukutania, hilo nalo lisemee, kwa sababu uzito wa mtoto si mali ya ukumbi.

Mwaka 2024 mjini Paris, Kaylia Nemour wa Algeria, akiwa na miaka 17, alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki kwenye vyuma kwa alama 15.700, medali ya kwanza ya Olimpiki katika jimnastiki kwenda kwa nchi ya Afrika. Mkirudia kumtazama akizunguka na kuachia chuma na kukidaka tena, angalieni mabega yake na mikono yake. Ile ni nguvu, na nguvu hujengwa kwa chakula.

Nanyi wazazi mnaowasomea watoto hadithi hii, mtoto akiwaambia hali nyama, msimlazimishe wala msimwache ajitafutie. Kaeni naye jikoni, mhesabu pamoja maharage, maziwa, wimbi, matunda na ile B12, mumpeleke kupimwa damu daktari akishauri. Na kila jioni anaporudi kutoka mazoezini, mpakulieni, kisha muulizeni kama anataka kuongezewa.